Kabla hujaingia milimani na baiskeli kwa siku nne tano

Niseme mapema, hii siyo ya wale wa kuzunguka kilima Jumamosi asubuhi na mchana wako nyumbani. Hii ni ya wewe unayepanga kulala huko juu siku tatu, nne, tano, ambako hakuna barabara, hakuna mtandao, na mtu pekee utakayemwona ni yule uliyeenda naye. Mi nimeshatoka huko naburuza baiskeli kama mtu anayevuta mbuzi aliyegoma, kwa hiyo nikikuagiza kitu ujue siagizi kwa kusoma.

Anza na njia. Usipige hesabu ya kilomita kama za lami. Ukiwa na mzigo wa kilo kumi na tano kwenye mawe na matope, kilomita 40 kwa siku ni kazi, na kupanda mita 1,000 ndani ya siku hiyo hiyo ni kazi juu ya kazi. Pale pa kusukuma utaenda kilomita 3 kwa saa, labda na pungufu. Kwa hiyo angalia kwenye ramani njia inapanda kiasi gani, siyo urefu wake tu, afu ukishamaliza hesabu ongeza siku moja ya akiba na chakula cha siku hiyo.

Helmeti, glavu, taa ya kichwani, filimbi, dawa za huduma ya kwanza. Beba, sina la kuongeza.

Nguo: pamba acha nyumbani. Ukipanda unatoka jasho, ukifika juu upepo unakupiga, na pamba ikishalowa haikauki. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, na hapo hatujaongelea mvua. Seti moja ya nguo kavu iwe ya kulalia tu, ifunge kwenye mfuko usioingiza maji na usiiguse mchana hata ukibembelezwa.

Mwinuko nao usiuchezee. Juu ya mita 2,500 watu wanaanza kuumwa, na haijalishi una mapafu ya namna gani. Ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana yake. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kipo, usipande tena mpaka viishe. Mtu akianza kuyumba kama mlevi au kuongea visivyoeleweka, shukeni, hata kama ni usiku, hata kama yeye mwenyewe anabisha.

Maji: chujio ni zuri ila likiganda kwa baridi linapasuka kwa ndani na kwa nje huoni kitu, utaendelea kunywa ukijua umechuja. Lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia. Gesi ya jiko nayo ongeza, maana kwenye mita 3,000 maji yanachemka kama nyuzi 90 tu na chakula kinachelewa kuiva.

Sasa spea. Hapa nikae kidogo maana hapa ndo nilipoungulia.

Kule nyuma, pale mkono wa gia (ule unaohamisha cheni) unapofungwa kwenye fremu, kuna kipande kidogo cha alumini, saizi ya kidole gumba hivi. Kimetengenezwa laini makusudi, ili ukianguka kipinde au kikatike chenyewe na fremu ipone. Akili nzuri kabisa. Shida ni kwamba maumbo yake yako mamia. Kuna umbo moja la pamoja lililoanza mwaka 2019 na baiskeli nyingi mpya zinalitumia, ila kama yako siyo ya hizo basi unatafuta cha fremu yako na siyo kingine.

Mi hayo nilikuwa nayajua, ndo kinachoniuma. Nikanunua cha akiba, nikakitia kwenye kimfuko pamoja na viungo vya cheni, roho kwatu. Siku ya pili, saa tano asubuhi, nateremka katikati ya vichaka, kijiti kikaingia kwenye gia, nikasikia tak! Kugeuka nyuma mkono wa gia unaning'inia kwenye cheni kama jino la mtoto. Nikacheka kabisa. Nikamwambia mwenzangu we kaa ule kitu, dakika kumi tunaondoka. Nikachana kinailoni, kipande kinang'aa, nakiweka pale, tundu la kwanza limekaa. La pili limepishana na la fremu kwa kama unene wa njiti ya kiberiti. Nikakigeuza. Nikakigeuza tena. Ukiviweka viwili kwenye kiganja unaona mapacha, mpaka ukilaze kimoja juu ya kingine ndo unaona huyu siyo ndugu yake.

Tukakata cheni ikawa fupi ili niende na gia moja. Kwenye baiskeli isiyo na shoku nyuma huo ujanja unakubali. Yangu ina shoku, na shoku ikibonyea umbali kati ya gia za mbele na za nyuma unabadilika, yani cheni mara inalegea mara inakaza, ikawa inapanda yenyewe kwenye gia kubwa, inavutika mpaka inakatika. Mara ya tatu viungo vikaisha. Baadaye fundi akaniambia si ungejaza shoku upepo ikawa ngumu isibonyee? Pampu ya shoku ilikuwa kabatini nyumbani, imelala.

Njia fupi ya kutoka ilikuwa kilomita 34. Mteremko nakaa naserereka, tambarare nasukuma kwa mguu mmoja kama mtoto na skuta, mlima natembea. Na viatu vyangu ni vile vya kubana kwenye pedali, soli kama ubao, jioni soksi ilikuwa imegandia kwenye kisigino na nikailoweka kwanza ndo ikatoka. Mwenzangu alienda kwa mwendo wangu siku mbili nzima bila kusema neno, na bora angesema.

Kwa hiyo sikiliza. Spea yoyote unayobeba ifunge kwenye baiskeli ukiwa nyumbani. Ifunge, badilisha gia zote, endesha wiki nzima, afu ile ya zamani ambayo ushajua inakaa ndo uibebe kama akiba. Pedi za breki vile vile, na beba za kutosha, matope yenye mchanga yanaweza kuzimaliza ndani ya siku mbili. Tyubu, hakikisha valvu yake inatokeza kwenye rimu na pampu yako inaishika. Hata kama tairi zako ni za kutumia dawa ya kuziba pancha, tyubu beba, jiwe likichana tairi pembeni dawa haizibi kitu. Na breki za mafuta ukitoa gurudumu chomeka kipande cha kadibodi katikati ya pedi, ukiminya breki bila kitu hapo zitabana na utahangaika kuzifungua.

Simu baridi inaimaliza chaji, izime, ilale na wewe kama chujio. Usitegemee simu pekee kwa ramani. Na kabla ya kuondoka mwachie mtu njia yako kwenye karatasi, na saa ambayo asipokusikia aanze kutafuta msaada. Saa kamili, siyo "kama Jumapili hivi", maana mtu wa Jumapili hivi atakusubiri mpaka Jumanne.

Mengine ni kuwa makini tu. Mto unaotoka kwenye theluji uvuke asubuhi, mchana unajaa. Radi ikianza, ondoka mgongoni mwa mlima. Kula kabla njaa haijakukamata. Mteremko wa mwisho wa siku, ukiwa umechoka na mikono haishiki breki vizuri, shuka utembee, hakuna anayekuangalia. Bolti za karia kaza kila asubuhi, zinalegea zenyewe. Na saa kumi jioni ukikuta pametulia na maji yapo karibu, piga hema hapo hapo, usikubali yule mwenye miguu mizuri aseme tusogee kidogo.