Koki inadondosha, choo hakinyamazi, umeme unajikata: mpangaji aanzie wapi

Nyumba yenye simtanki huwa na geti valvu mbili, yaani valvu za kufungia maji, na wapangaji wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza iko kwenye mita ya maji, nje, kando ya ukuta. Ya pili iko kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye tanki. Bomba la bafuni likipasuka saa nane usiku ukakimbilia ile ya kwenye mita, maji ya DAWASA yatakatika, lakini lita 1,000 zilizoko juu ya mnara zitaendelea kushuka hadi sebuleni. Kwa hiyo ukihamia, kabla hata hujapanga vyombo, zitafute zote mbili. Funga ile ya tanki, fungua koki ya jikoni, uone kama maji yanakatika kweli. Geti valvu iliyokaa miaka bila kuguswa hukamata. Usiilazimishe kwa spana, maana shina lake hukatika. Izungushe kidogo mbele, kidogo nyuma, hadi ilegee. Ikigoma, au ikifungwa na maji bado yanapita, mwambie mwenye nyumba siku hiyo hiyo, wakati bado hakuna dharura.

Vifaa vya kuwa navyo ni vichache: spana malaya ya inchi 10 (ndilo jina utakaloulizia dukani, usione aibu), bisibisi ya nyota na ya bapa, testa, tredi tepu mbili (utepe mwembamba wa kuziba uzi wa bomba), pampu ya mpira ya kuzibulia sinki, ndoo na matambara. Vingine azima.

Choo kinachotiririsha

Hili ndilo tatizo linalokula pesa kimyakimya, kwa sababu bili ya maji ni yako na mlio wake unauzoea. Kuna sababu mbili tu, na kila moja ina dawa yake, hivyo usinunue kitu kabla ya kujua ni ipi.

Fungua mfuniko wa tangi la choo. Ukikuta maji yamefika mdomoni mwa bomba la kumwagia ziada, yaani lile bomba la plastiki lililosimama katikati, shida iko kwenye boya au valvu ya kuingizia maji. Inua boya kwa mkono. Maji yakikata, valvu ni nzima ila boya limewekwa juu mno: lishushe kwa skrubu yake au kibanio chake hadi maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa lile bomba. Ukiinua boya na maji hayakati, valvu ina mchanga au kimpira chake kimechoka. Funga kikoki kidogo kilicho ukutani chini ya tangi, fungua kichwa cha valvu, toa kimpira, kisuuze, kirudishe. Mara nyingi mchanga wa siku maji yaliporudi baada ya mgao ndio wenye kosa, na kazi inaishia hapo bila shilingi kutoka.

Kama maji yako chini ya mdomo lakini mita inazunguka, pengine yanapita chini, kwenye mpira unaoziba tundu la kuflashi. Mimina chai ya rangi iliyokolea ndani ya tangi, usiflashi kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Ukiona rangi, mpira hauzibi. Kwenye matangi ya kubonyeza, mnara wa katikati hutoka kwa kuuzungusha robo mzunguko kushoto na kuuinua. Chini yake kuna mpira wa duara: ufute, ondoa ukoko wa chumvi, na ukiona umepata mkunjo ugeuze upande wa pili. Ukiwa umekakamaa, nenda nao dukani. Usiende na kipimo cha kukadiria kwa vidole, maana mipira hiyo hufanana kwa macho na kutofautiana kwa milimita chache zinazotosha kuvujisha.

Mita ya maji nayo hukupa ushahidi. Funga koki zote, andika namba, subiri nusu saa, soma tena. Angalia tu kwamba simtanki limejaa kwanza, la sivyo utahesabu maji yanayojaza tanki ukadhani ni uvujaji.

Koki inayodondosha

Koki ya kuzungusha mara nyingi hufungwa kwa washa ya mpira. Ile inayofunga kwa robo mzunguko ina vigae viwili vidogo ndani, na hiyo hubadilishwa moyo mzima, hairekebishwi. Kwa ile ya mpira: funga maji, acha koki wazi bomba liishiwe, ziba tundu la sinki kwa tambara ili skrubu isizame, toa mkono wa koki, kisha fungua kichwa kwa spana. Washa iko mwisho wa shina. Koki nyingi za nyumbani ni za nusu inchi, lakini bado beba ile ya zamani. Kabla ya kuweka mpya, ingiza kidole uguse kingo ya shaba ambayo washa hukalia. Ukiisikia ina mikwaruzo, washa mpya itakatwa baada ya wiki chache, na ni afadhali kununua koki nyingine.

Kuibadilisha koki nzima ni kazi ya dakika 20 yenye hatari moja. Shika koki mpya mdomo wa uzi ukikutazama, viringisha tredi tepu kwa kufuata mwendo wa saa, mizunguko 10 hadi 12, ikiwa imevutwa. Ukiviringisha kinyume, tepu itajikunja na kutoka unapokaza. Kaza kwa mkono hadi mwisho, halafu spana kidogo tu. Anayekaza kwa nguvu zote hupasua soketi ya plastiki, yaani kiungio cha bomba kilichozikwa ukutani, na hapo kazi ya koki inageuka kazi ya kuvunja vigae.

Palipo na maji ya kisima yenye chumvi, shawa na vichujio vya koki huziba kwa ukoko mweupe. Viloweke kwenye siki saa chache, kisha sugua kwa mswaki mzee.

Sinki na chemba

Sinki la jikoni huzibwa na mafuta yaliyoganda pamoja na ukoko wa ugali. Jaza maji sentimita 5 hivi, ziba tundu la kumwagia maji ya ziada kwa tambara bichi, kisha piga pampu mara 15 au 20 bila kuiinua. Ikishindikana, weka ndoo chini, fungua kwa mkono nati za plastiki za kile kikombe au bomba lililopinda, na utoe uchafu. Ukirudisha, hakikisha mipira haijakaa upande. Hapo tredi tepu haisaidii, anayeziba ni mpira.

Kostiki soda, ile dawa kali ya kuzibulia, iache. Huchemka ndani ya bomba, hulainisha plastiki, na isipozibua humsubiri fundi atakayelifungua bomba hilo kwa mikono. Na usichanganye kamwe jiki na dawa ya choo yenye asidi: hutoka gesi ya klorini, inayounguza mapafu.

Choo kikirudisha maji, usiguse chochote kabla ya kuifunua chemba ya nje, kile kishimo chenye mfuniko ambamo bomba la maji taka hupita. Chemba ikiwa tupu, kizuizi kiko kati yako na chemba, na pengine ni pedi au nepi iliyotupwa ndani: hiyo ni yako. Chemba ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele, kuelekea shimoni, au shimo lenyewe limejaa: hiyo ni ya mwenye nyumba, au ya wapangaji wote kama mkataba unasema mnachangia gari la maji taka. Masika, maeneo ya bondeni, shimo lililonyonywa juzi laweza kujaa tena kwa maji ya ardhini. Shimo lenyewe usilifunue wala kuliingia, gesi yake huua.

Umeme: mpaka wako ni mfupi

Balbu, fyuzi ya plagi, na kurudisha breka iliyoshuka. Zaidi ya hapo ni fundi mwenye leseni, na gharama za nyaya za ukutani ni za mwenye nyumba.

Breka ikishuka, chomoa kila kitu, ipandishe. Ikishuka tena bila kitu kuchomekwa, kosa liko kwenye nyaya, iache chini. Ikikaa, chomeka kimoja kimoja. Kinachoikata papo hapo kina shoti. Ikikata baada ya dakika kadhaa, umeizidishia mzigo: birika la wati 2,000 hula karibu ampea 9, na soketi ni ya ampea 13, kwa hiyo birika na pasi kwenye ekstensheni moja havikai. Kuweka kipande cha waya badala ya fyuzi ni kuondoa kitu kilichokuwa kinalinda waya wa kifaa usiungue.

Soketi yenye joto au weusi, acha kuitumia. Shawa ya umeme ya wati 5,500 inataka karibu ampea 24 na waya wake wenyewe mnene kutoka kwenye breka yake, isiungwe kwenye laini ya soketi. Ukihisi mtetemo ukigusa koki, zima swichi kuu na usiwashe hadi fundi apime ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini.

LUKU, umeme wa kulipia kabla, inakimbia? Zima swichi kuu, tazama taa ya mita. Ikiendelea kupepesa, pengine kuna aliyeunganishwa kabla ya swichi yako. Mita yenyewe usiifungue, ni mali ya TANESCO.

Nani analipa

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtaka mpangishaji ahakikishe nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu, mwanzoni na muda wote wa mkataba. Ukipanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni yake. Vinavyochakaa kwa mikono yako, kama washa, balbu na betri ya kengele, jilipie bila mjadala. Kipigie mstari kwenye mkataba: "matengenezo madogo" ni hadi shilingi ngapi?

Usilipe kwanza ndipo udai. Hata mkishakubaliana kwa simu, andika:

"Shikamoo mama. Chemba imejaa tangu jana jioni, maji yanarudi bafuni, picha hizo hapo juu. Fundi anasema bomba la kwenda shimoni limeziba: ufundi 40,000, vifaa 15,000. Kama tulivyoongea, namlipa leo na tunakata 55,000 kwenye kodi ya Julai. Naomba unijibu hapa."

Ule mwezi wa kukatia usiache kuutaja. Kodi ikilipwa kwa miezi sita, malipo yanayofuata yako mbali na ahadi husahaulika. Tenganisha ufundi na vifaa, omba risiti, hifadhi kifaa kilichotolewa. Ukibadilisha kitasa, kiweke cha zamani ukirudishe siku ya kuhama. Asipojibu kabisa, peleka mkataba, picha na ujumbe huo uliochapwa ofisi ya serikali ya mtaa, ukiwa umeandika tarehe ya kila ulipomwambia.