Kufufua bunduki kuukuu ya kurudia bila kuiharibu

Bunduki ya kurudia ni ile inayobeba risasi kadhaa tumboni mwake: mpigaji hupiga moja, huvuta komeo au mkono wa chini, ganda likaruka nje na risasi nyingine ikashika nafasi yake. Katika karakana yangu hapa Lubumbashi nimeshughulikia hasa aina mbili, nazo ni Winchester ya mwaka 1873, yenye mkono wa chini na ghala la risasi lililo kama bomba chini ya mtutu, na Mauser ya Ubelgiji ya mwaka 1889, yenye komeo la kusukuma na kisanduku cha risasi tano. Magobore ya enzi za Msiri, mtawala wa zamani wa Katanga, aliyeyapata pamoja na baruti kwa kuuza pembe na shaba, yana mambo yake, nami sitayagusa hapa.

Mwenye bunduki huanza kwa kunionyesha kibali. Silaha na risasi nchini Kongo zinatawaliwa na Ordonansi-Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na mimi sipokei bunduki isiyo na karatasi, hata mwenyewe akiapa kwamba ni ya marehemu babu yake na kwamba haijalia tangu Wabelgiji waondoke.

Karatasi zikiwa sawa, hakikisha bunduki haina kitu ndani. Kwa Mauser jambo hili ni jepesi, kwa sababu ukifungua komeo unaona kisanduku chote hadi chini. Winchester ndiyo yenye hila. Springi iliyo ndani ya bomba ikishaliwa na kutu hulegea, ikashindwa kusukuma risasi ya mwisho nyuma, hivyo unaweza kuvuta mkono mara kumi ukaona tupu ilhali risasi imelala mbele kimya. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, kisha mulika ndani kwa tochi mpaka ukione chenyewe kile kifuniko kinachosukumwa na springi. Ukikuta risasi iliyokwama, usiigonge wala usiichokoe kwa msumari. Iache, umwite fundi wa silaha.

Kosa kubwa nililowahi kulifanya katika kazi hii lilitokana na haraka ya kutaka kitu king'ae. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimejifunza kazi ya chuma, nikaletewa Winchester iliyokolea rangi ya kahawia, nami nikaipeleka moja kwa moja kwenye gurudumu la kung'arisha. Baada ya nusu saa ilimeta kama sufuria mpya. Pembe zake zilikuwa zimeviringika, maandishi ya kiwanda juu ya mtutu yamebaki nusu, na namba imekuwa kivuli. Chuma kilichoondoka hakirudi. Tangu siku hiyo msasa na tupa haviingii kwenye meza ninayofanyia kazi bunduki kuukuu.

Kutu nyekundu ina dawa yake, nayo ni maji yanayochemka. Fungua kipande, kioshe mafuta yote kwa sabuni, kisha kichemshe kwa nusu saa hivi ndani ya maji safi. Mimi hutumia maji safi yasiyo na chumvi yanayouzwa ya kuongezea betri (siyo tindikali yake), au maji ya mvua yaliyochujwa, kwa sababu chumvi iliyomo katika maji mengine huacha madoa. Joto hilo hugeuza kutu nyekundu, ambayo hula chuma, kuwa kutu nyeusi, ambayo hutulia na kukilinda. Ukikitoa, utaona vumbi jeusi juu yake. Lisugue polepole kwa sufu laini sana ya chuma, na rangi ya zamani iliyobaki chini itajitokeza bila kukwaruzwa. Rudia mara mbili au tatu kama kutu bado ni nene, halafu paka mafuta mepesi ya mashine kipande kikiwa bado na joto. Kazi hii naifanya wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, kwa kuwa hewa yetu ni kavu wakati huo, na chuma hukauka kabla kutu mpya haijapata nafasi.

Kabla ya kufika huko, skrubu lazima zitoke, na hapo ndipo bunduki nyingi huharibiwa. Bisibisi ya dukani ina ncha iliyochongwa kama kabari, hivyo hupanda na kuukwangua mfereji wa skrubu. Chonga ncha yake iwe na kuta zilizonyooka na ijae mfereji wote, kwa upana na kwa kina. Skrubu ikigoma, itie mafuta ya kupenya, uiache ilale hadi kesho yake, uipashe moto kidogo, ujaribu tena. Kuna moja iliyonichukua siku tisa. Vipini vya kugongea pini navitengeneza kwa shaba, maana mji huu unaweza kukosa vingi lakini shaba haikosi, na shaba ni laini kuliko chuma cha bunduki, kwa hiyo huumia yenyewe.

Mauser ya 1889 ina siri ambayo wengi hawaijui. Mtutu wake umevikwa bomba jembamba la chuma kutoka nyuma hadi mbele, kwa hiyo ule unaouona kwa nje ni koti tu. Maji ya masika yakiingia kati ya koti na mtutu hayana pa kutokea, na kutu hukaa humo miaka na miaka huku nje kukipendeza. Bunduki za aina hii zilitengenezwa na FN ya Herstal, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1889 kwa ajili hiyo hasa, na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, walizibeba. Kwa hiyo ile itakayokufikia huenda imelowa mvua nyingi. Usijaribu kulivua koti hilo kwa nguvu. Lenye dalili ya kutu mdomoni litafunguliwa na fundi mwenye vifaa, na kabla ya hapo bunduki hiyo isipigwe.

Mbao hazihitaji mengi. Safisha kitako kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kiache kikauke, kisha paka mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka jembamba sana, siku moja kwa tabaka moja. Makovu yaliyomo yaache. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye pembe ya karakana, kwa maana hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka usiku. Vitandaze nje vikauke, au vitie ndani ya maji.

Kuhusu kupiga, mawazo yangu ni kwamba nyingi katika bunduki hizi ziachwe zipumzike. Kama yako imepimwa na fundi wa silaha, akaona kwamba mtutu hauna ufa na kwamba komeo linafunga risasi bila nafasi ya ziada nyuma yake, basi jua chakula chake. Winchester ya 1873 ilizaliwa kabla ya baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliigundua mwaka 1884, na komeo lake hushikiliwa na viungo viwili vinavyokunjana kama goti. Viungo hivyo vinastahimili baruti nyeusi, lakini risasi kali za siku hizi vitazishindwa, hata kama zinaingia vizuri mtutuni. Risasi zake ziwe na kichwa cha madini laini ya risasi chenye pua bapa, kwa kuwa ndani ya bomba pua ya moja hugusa fataki, yaani kiwashio cha baruti kilicho kitakoni, ya iliyo mbele yake, na pua iliyochongoka inaweza kuilipua.

Piga mahali palipoidhinishwa, penye tuta la udongo nyuma ya shabaha, ukiwa umevaa miwani na umeziba masikio. Tia risasi moja tu, piga, kisha chukua ganda ulitazame. Likiwa limepasuka, limevimba upande mmoja, au fataki yake imerudi nyuma, kazi ya siku hiyo imekwisha.

Siku hiyohiyo osha mtutu kwa maji ya moto. Fataki za zamani huacha chumvi inayovuta unyevu, na chumvi haiyeyuki katika mafuta, kwa hiyo anayepaka mafuta tu anaifunika kutu blanketi. Mauser ioshe kutoka nyuma baada ya kutoa komeo. Winchester haina njia hiyo, hivyo fimbo itapita mdomoni, nawe uivike kizibo cha shaba ili isilambe mwisho wa michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu, ambayo ndiyo inayoamua risasi iende wapi. Kausha, paka mafuta, ifungie kwenye kabati lenye kufuli, na urudi baada ya wiki mbili na kitambaa cheupe. Kikitoka na wekundu, chemsha maji upya.