Suuza chupa ya sampuli kabla ya kuiweka kando

Kama unapima PAH, yaani zile kemikali za masizi na mafuta machafu, kwenye maji ya bandari au mtaro wa gereji kwa HPLC, mashine inayotenganisha kemikali zilizo kwenye kimiminika, usimimine maji kwenye katriji (kichujio kidogo kinachozinasa) halafu ukaitupa chupa. Kemikali hizi hazipatani na maji. Benzo(a)pireni, mojawapo ya PAH, hasa hung'ang'ania ukuta wa chupa, na majibu yako yatatoka masafi kuliko maji yenyewe. Pima kwanza ujazo wa maji, kisha suuza chupa tupu kwa kiyeyushi kilekile cha kuchopolea sampuli, na msuuzo huo uuchanganye na kiyeyushi kilichochopoa kemikali kwenye katriji.

Chupa iwe ya kioo cha kahawia, kwani mwanga huzivunja kemikali hizi. Plastiki achana nayo, inazinyonya. (Wanaopima PFAS, zile kemikali za kuzuia maji na mafuta kushika vitu, hutumia polipropilini, hao wana shida zao, usiwaige.)

Kigunduzi cha fluoresensi, kinachopima mng'ao wa kemikali zikimulikwa, utakihitaji ili uone viasi vidogo: kikomo cha WHO kwa benzo(a)pireni kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 0.7 tu kwa lita. Ila asenaftileni, PAH nyingine, haing'ai humo, kwa hiyo washa na kigunduzi cha UV (mwanga wa urujuanimno), la sivyo utaandika "haimo" na kumbe imo.