Namna ya Kufuatilia Mielekeo ya Utafiti wa Uchumi Mzunguko katika Biashara

Kabla ya kufungua jarida lolote, andika swali la kibiashara unalotaka lijibiwe, kwa kuwa machapisho kuhusu uchumi mzunguko, yaani mfumo wa kuendelea kuzitumia bidhaa na malighafi badala ya kuzitupa, ni mengi na asiye na swali huishia kukusanya vichwa vya habari tu. Swali liwe finyu: je, kukodisha mashine badala ya kuziuza hupunguza malighafi zinazotumika, au huongeza tu gharama za matengenezo?

Kisha hakiki fasili ambayo kila mtafiti anaitumia. Mwaka 2017 Julian Kirchherr na wenzake walichambua fasili 114 na kubaini kwamba mara nyingi uchumi mzunguko huelezwa kuwa ni kupunguza, kutumia tena na kurejeleza, huku haja ya kubadili mfumo mzima ikiachwa kando na haki ya kijamii ikitajwa kwa nadra. Kwa hiyo, makala mbili zenye jina hilohilo zinaweza kuwa zinapima mambo tofauti kabisa, na kuzilinganisha bila kulitambua hilo ni kujipotosha.

Kwa utafutaji, hifadhidata za machapisho ya kitaaluma za Scopus na Web of Science zinatosha. Programu ya VOSviewer, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Leiden, itakuchorea ramani ya maneno yanayoandamana katika machapisho. Ramani hiyo huonyesha kinachozungumzwa sana, wala si kilichothibitishwa.

Jambo linalostahili muda wako zaidi, kwa maoni yangu, ni hoja iliyotolewa na watafiti Trevor Zink na Roland Geyer mwaka 2017: bidhaa iliyorejelezwa huyanufaisha mazingira pale tu inapochukua nafasi ya bidhaa mpya. Simu iliyokarabatiwa ikinunuliwa na mtu ambaye asingenunua simu mpya, uzalishaji wa jumla haupungui, na huenda ukaongezeka. Basi kila usomapo utafiti unaosifu mafanikio ya kampuni fulani, tafuta kama mwandishi alipima kupungua kwa uzalishaji wa bidhaa mpya, au alihesabu tu tani zilizokusanywa. Tafiti nyingi huishia kwenye tani, na hapo ndipo pengo kubwa lilipo.

Fuatilia pia viwango na sheria, kwa sababu huzalisha data ambazo watafiti hawakuwa nazo. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kiwango cha 59020 kuhusu namna ya kupima uchumi mzunguko, na Umoja wa Ulaya umepanga kwamba kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme ziwe na pasipoti ya kidijitali inayobeba taarifa zake.

Mwisho, soma sehemu ya mapungufu katika kila makala na uyaorodheshe. Pengo linalojirudia kwa waandishi wasiohusiana, na ambalo kampuni yako ina kumbukumbu za mauzo au za matengenezo zinazoweza kulijaza, ndilo la kuanza nalo.