PS4 inagoma kushika waifai? Kwanza jua imekatikia wapi

Hii ni kwa wadau wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni na Tanga nzima kwa ujumla, wale ambao bando lipo, rauta inawaka taa zote, simu ya mdogo wako inacheza video bila shida, ila PS4 ukiiambia iingie mtandaoni inazunguka weee alafu inakuletea kosa lenye namba ndefu kama ya luku. Wengi hapo wanailaumu mashine, wengine wanaiformati kabisa wanapoteza na save za msimu mzima, na mashine haina kosa lolote. Mtandao wa nyumbani una vipande viwili, kipande cha kutoka PS mpaka kwenye rauta na kipande cha kutoka rauta kwenda nje. Ukijua kipi kimekatika nusu ya kazi imeisha, sababu dawa zake hazifanani hata kidogo.

Kujua ni rahisi. Ingia "Settings", nenda "Network", alafu bonyeza "Test Internet Connection". Majibu yanakuja mstari kwa mstari na watu wengi wanaangalia ule wa mwisho tu. Anza juu. Mstari wa IP (anwani ambayo rauta inaipa PS) ukifeli maana yake PS haijaongea na rauta yako, kwaiyo shida iko ndani ya nyumba na hata ukinunua bando la mwezi mzima haitosaidia. IP ikipita alafu mstari wa intaneti ukafeli, basi PS na rauta wako sawa ila rauta ndio haitoki nje, au inatoka ila DNS (ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) imelala. Vyote viwili vikipita ikafeli kuingia PSN (mtandao wa PlayStation) peke yake, angalia tarehe ya mashine, akaunti yako, au seva za Sony wenyewe ziko kwenye matengenezo, na hapo hamna cha kufanya ila kusubiri.

Mtego mkubwa kwenye kupima ni simu. Mtu anakwambia "mbona simu yangu ipo kwenye waifai hii hii na inafanya kazi", kumbe rauta bando limeisha tangu asubuhi na simu ikaona waifai haina kitu ikahamia kimya kimya kwenye data ya laini yake. Kwaiyo kabla hujaitumia simu kama shahidi, zima data ya laini, bakiza waifai peke yake, alafu fungua ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Ukigoma umeshapata jibu, nenda kanunue bando na PS iache ipumzike.

Haya tuseme IP ndio inafeli, au inapita leo kesho inakataa. Hapa inabidi tuongelee nyumba zetu. Ile nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, rauta anayo mpangaji wa chumba cha mbele, wewe uko chumba cha mwisho karibu na uwani, mawimbi yanatakiwa yavuke kuta tatu nne, hapo katikati kuna friji la mama mwenye nyumba, kabati lenye kioo kikubwa na jaba la maji la lita 200. Maji yanameza mawimbi ya waifai, kioo chenye utando wa madini kwa nyuma kinayarudisha, na friji ni bati tupu. Nyumba za zamani za kule mjini zenye kuta nene ndio usiseme. Ingia "View Connection Status" uangalie asilimia ya mawimbi, kisha muombe mwenye rauta kwa adabu aitoe chini ya meza aipandishe juu ya kabati, mlango wa chumba ukiwa wazi, alafu angalia tena. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Na PS yenyewe itoe kwenye lile boksi la stendi ya TV, haswa kama stendi ni ya chuma.

Kingine ambacho watu hawakitegemei ni hard disk ya nje. Ukiwa na eksteno ya USB 3.0 umeichomeka mbele ya PS na waya wake mfupi, ile kitu inatoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndio masafa ya waifai na ya padi pia. Hii sio stori za vijiweni, Intel wenyewe walitoa andiko la hiyo ishu mwaka 2012. Chomoa disk, pima, kama mtandao umepona tafuta waya mrefu kidogo wenye kinga nzuri na uiweke disk mbali na mashine.

Sasa masafa, na hapa ndio wengi wanapotea. PS4 ya kwanza kabisa, ile nene iliyotoka 2013, inasoma 2.4 GHz tu. Slim na Pro za 2016 ndio zinasoma na 5 GHz. Angalia kibandiko cha nyuma, ikianza CUH-1 ni ile nene, CUH-2 ni Slim, CUH-7 ni Pro. Kwaiyo kama rauta inatoa 5 peke yake, PS yako nene haitoliona jina la waifai milele, utasachi mpaka mchana uwe usiku. PS3 ndio mzee zaidi, inaelewa b na g tu (matoleo ya zamani ya waifai), rauta ikiwekwa n, toleo lililofuata, peke yake nayo haishiki. Alafu usikimbilie 5 ukidhani ni bora kila sehemu, 5 ina spidi lakini ukuta unaiua haraka, kwa chumba cha uwani 2.4 inafika na 5 haifiki.

Wale wa hotspoti ya simu, ishu ni hiyo hiyo. iPhone kuanzia 12 na kuendelea inarusha hotspoti kwa 5 yenyewe, ingia kwenye settingi za hotspoti washa "Maximize Compatibility" inarudi 2.4. Android nyingi zina sehemu ya kuchagua bendi, weka 2.4. Hapo hapo angalia aina ya ulinzi, kama imewekwa WPA3 peke yake badilisha iwe WPA2, PS4 haiijui WPA3. Na kama mashine yako ni mtumba wa kutoka Marekani, rauta ikijichagulia chaneli 12 au 13 inaweza isiione kabisa, maana kule vifaa vyao vinaishia 11. Ingia kwenye rauta uifunge kwenye 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajajazana.

Paswedi sitoongea sana. Ukiona NW-31297-2 basi umekosea paswedi, rudia taratibu, herufi kubwa na ndogo, na ile sifuri inayofanana na O. Kuandika kwa padi kunachosha ndio maana watu wanakosea.

Mtumba una mtego mwingine. Mashine uliyonunua kwa mtu inaweza kuwa bado ina settingi za nyumbani kwake, ameandika IP kwa mkono, mfano 192.168.1.50, wakati rauta yako ya laini inaongea kwa 192.168.8.1, hao wawili hawawezi kuelewana hata wakikaa meza moja. Usihangaike kurekebisha namba moja moja, rudi "Set Up Internet Connection", chagua waifai, alafu "Easy", itajipangia upya yenyewe.

Kama IP inapita ila intaneti inafeli na bando una uhakika lipo, ukaona NW-31253-4 au namba za jamii hiyo, shida ni DNS. Rudia kuset ila safari hii chagua "Custom", kila kitu kiache otomatiki isipokuwa DNS, hapo weka "Manual", ya kwanza 1.1.1.1 na ya pili 8.8.8.8. Zile za Cloudflare na Google ni bure. Kuna watu watakwambia ubadilishe na MTU (ukubwa wa kifurushi cha data) iwe 1473, unaweza kujaribu haiui mashine, ila mimi naianza ikiwa vingine vyote vimeshindikana.

Umeme ukikatika na kurudi, PS inawaka haraka kuliko rauta, inatafuta waifai haipati inakata tamaa. Subiri dakika mbili tatu rauta ikae sawa ndio uunganishe. Na ile ya kuiacha "Rest Mode" (imelala bila kuzimika) siku nzima nayo inazingua, izime kabisa, shika kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, chomoa waya dakika moja, washa. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka, iweke sawa kwa mkono, sababu tarehe ikiwa mbovu seva zinakataa kukuamini. Ikirudi tena kila umeme ukikatika, betri ndogo ya ndani imekufa, ni CR2032, ile ile ya rimoti za gari.

Kuna wanaoingia vizuri ila hawampati mpinzani wala sauti za wenzao hawazisikii. Angalia NAT (jinsi rauta inavyopitisha mawasiliano kati ya PS na nje) kwenye yale majibu ya kupima. Type 2 ni nzuri, Type 3 ndio inayobania. Washa UPnP kwenye rauta, inaiacha PS ijifungulie poti (milango ya mtandao) yenyewe. Kama unatumia laini ya simu na imekomaa kwenye Type 3, mara nyingi ni kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, hapo hata ufungue poti zote za rauta hamna kitakachobadilika.

Ukiniuliza mimi dawa ya kudumu ni ipi nitakwambia waya. Nunua waya wa LAN kwa mita, fundi akufungie vichwa, upitishe juu ya dari au pembeni ya ukumbi, hata mita 50 unafika bila shida. Wakazi wa Raskazone na pwani yote, ile hewa ya chumvi inaotesha kutu kwenye tundu la LAN, liangalie kwa tochi kabla hujachomeka. Dongle za waifai za USB usinunue, PS4 haizitambui, na kuchomeka simu kwa USB ili ipate mtandao nako hakufanyi kazi.

Mwisho kabisa, kama tatizo limeanza baada ya mashine kufunguliwa kusafishwa vumbi, na mawimbi yako chini hata ukiiweka PS ubavuni mwa rauta, muulize fundi kuhusu waya wa antena. Ni kamba nyembamba yenye kichwa kidogo kama punje ya mtama, inachomoka kirahisi na kusahaulika kirahisi. Dalili yake nyingine ni padi, ukirudi kukaa kwenye kochi inakatika ila ukisogea karibu inashika, maana waifai na Bluetooth vinatoka sehemu moja. Akianza kukutajia bei ya bodi nzima mwambie afungue mbele yako akuonyeshe kwanza kama ile kamba imekaa mahali pake.