Video ya Skrini Mbili Kuhusu Wavuvi wa Lamu: Kurekodi na Kuonyesha

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Hayo yaandike kwenye kadi ya maelezo ukutani. Video ifanye kazi isiyowezwa na karatasi: skrini ya kushoto ionyeshe bahari pale pale palipovuliwa, ya kulia ionyeshe mikono ya msusi wa malema, mitego ya samaki.

Anza na nahodha kabla ya kamera. Mwombe akupeleke alikokuwa akitega malema. Wavuvi hukijua kituo kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, labda mnara na mti. Zipige picha, kwani GPS itakurudisha mahali lakini haitakuambia uelekeze kamera wapi. Eneo la bandari lina ulinzi, kwa hiyo tafuta ruhusa ya maandishi mapema. Droni usiirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Wageni wengi hukosea maji. Hurudi kesho yake saa ile ile, kumbe maji yamechelewa kama dakika 50 na picha hazilingani tena. Rekodi siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji yakupwapo mnamo saa nne asubuhi na mizizi ya mikoko ikawa wazi, kisha rudi baada ya siku 15.

Simama kwenye fungu la mchanga; ndani ya dau stendi haitulii. Weka kipande cha ubao chini ya kila mguu wa stendi, la sivyo itazama taratibu na upeo wa bahari utakwenda upande bila wewe kugundua. Rekodi dakika 12 mfululizo, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, na chujio cha ND, cha kupunguza mwanga, kwa sababu mchanga unang'aa mno. Fokasi na mwanga vifunge kwa mkono. Ukiviachia kamera, kila wimbi likimeta picha itafifia. Lenzi ikirukiwa na maji ya chumvi, ifute kwanza kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi. Kikavu husugua punje za chumvi kwenye kioo.

Mikono irekodi kwa karibu, sentimita 40 hivi, mwanga ukitoka ubavuni, msusi akisuka lema. Usimhoji anaposuka: akijibu, vidole husimama. Maikrofoni ivishe manyoya; upepo wa kusi ukikaza, sponji peke yake haitoshi.

Wakati wa kuhariri, unganisha picha zote mbili katika faili moja la pikseli 3840 kwa 1080, kompyuta moja iligawe kwa projekta mbili. Vichezeshi viwili tofauti huachana baada ya saa chache.

Onyesha kwanza kijijini, baada ya isha. Tundika vipande viwili vya kitambaa cha marekani, kila kimoja mita 3 kwa 2, ukivifunga sehemu nane. Ukifunga pembe nne tu vitageuka tanga. Projekta za lumeni 3,000 zinatosha. Jenereta ikae mita 30 mbali, upande upepo unakoelekea. Hapo wavuvi wataona iwapo umewaanika siri zao: kituo cha kuvulia ni siri ya watu, na nahodha akitaka jina lake au alama zake ziondolewe, zikate usiku huo huo, na kwenye kadi usiandike vipimo vya GPS.