Kumchagulia mtoto kuku wa maonyesho: anza na mkono wake

Mzazi akiniuliza mtoto wake aanze na kuku wa aina gani, humwomba kwanza anioneshe mkono wa mtoto. Habari za rangi na vishungi zitakuja baadaye. Kuku ambaye mtoto hawezi kumtoa tunduni peke yake huishia kuwa kuku wa baba au wa mama, na mbele ya jaji mzazi hana nafasi.

Hatua ya 1: Soma masharti kabla hamjampenda kuku yeyote

Kuna mashindano ya namna mbili na watu huyachanganya. Katika namna ya kwanza anayepimwa ni kuku: umbo, uzito, rangi, upanga (kile kinyama chekundu cha kichwani) na miguu, akilinganishwa na kitabu cha viwango vya aina yake. Marekani kitabu hicho hutolewa na American Poultry Association, na toleo la kwanza ni la mwaka 1874. Uingereza wana chao, na vitabu hivyo havikubaliani katika kila jambo, kwa hiyo ulizeni maonyesho yenu hufuata kipi.

Katika namna ya pili anayepimwa ni mtoto: anamtoaje kuku, anamshikaje, anaijua vipi aina anayoifuga. Hapo kuku wa kawaida aliyetulia humshinda kuku mzuri mwenye papara. Kama mtoto ataingia huku, tabia ya kuku iwe juu ya kila kitu.

Angalieni pia kama kinatakiwa cheti cha kupimwa maradhi. Mwaka 2015 majimbo kadhaa ya Marekani yalifuta maonyesho ya kuku kwa sababu ya mafua ya ndege, na tangu hapo waandaaji wengi wamekuwa wakali.

Hatua ya 2: Linganisha uzito na mkono

Kuku wa maonyesho hushikwa hivi: kifua chake kinakaa juu ya kiganja, miguu inapita katikati ya vidole, kichwa kinaelekea kwenye kiwiko cha aliyemshika. Sasa fikiria jogoo mkubwa wa Orpington mwenye kilo nne na nusu, au wa Brahma mwenye zaidi ya tano, juu ya kiganja cha mtoto wa miaka minane. Hawezi, na kuku atalijua hilo kabla ya jaji.

Ndiyo maana kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi mimi hushauri bantamu, yaani kuku wa umbo dogo. Jike wa Cochin bantamu ana gramu kama mia nane tu. Serama, kuku mdogo kabisa kutoka Malaysia, mara nyingi hafikii nusu kilo, lakini baridi humtesa, kwa hiyo simpendekezi kwa anayeanza. Kabla ya kununua, mwombeni mfugaji mtoto amshike jike mzima wa aina hiyo kwa dakika tano. Akianza kubadilisha mkono, mmeshapata jibu.

Hatua ya 3: Tabia

Leghorn ni mrembo na mwepesi wa kuruka. Mwachieni mtoto mkubwa mwenye subira. Polish, mwenye kishungi kinachomfunika macho, haoni vizuri na hushtuka akiguswa ghafla, kwa hiyo mtoto ajifunze kumsemesha kabla ya kumshika. Cochin, Orpington na Silkie kwa kawaida ni wapole.

Na aanze na jike. Jogoo ana vikwaru, ana wivu, na yule aliyekuwa mpole akiwa pora anaweza kugeuka akikomaa. Old English Game bantamu ni mfano mzuri: ni mdogo, ana nguvu, manyoya yake hubana mwilini na kumwosha ni kazi ndogo. Lakini majogoo wake hupigana, na tena kuna nchi ambako kanuni za maonyesho hutaka jogoo akatwe upanga, na nyingine ambako kumkata ni kosa. Ukimpa mtoto jike, habari hiyo yote inakuondokea.

Hatua ya 4: Kazi ya manyoya

Silkie huwavutia watoto kuliko kuku wote ninaowajua. Ana vidole vitano, ngozi nyeusi, na manyoya kama pamba kwa kuwa hayana vile vindoano vidogo vinavyoshikanisha nyuzi za unyoya. Kwa sababu hiyo hiyo maji humwingia hadi kwenye ngozi, na hawezi kuruka. Anahitaji banda kavu, pasipo matope. Hupenda mno kuatamia, na jike anayeatamia huchakaa manyoya.

Kuku wenye manyoya miguuni wana shida yao. Manyoya ya vidoleni hukatika kwenye sakafu chafu, na utitiri wa miguu hujificha humo. Matandazo yabadilishwe kila yanapolowa. Kama mtoto ni mvivu wa kufagia (wengi ndivyo walivyo), chagueni kuku mwenye miguu mitupu, kwa mfano Wyandotte bantamu au Plymouth Rock bantamu.

Hatua ya 5: Rangi iwe rahisi

Hapa ndipo wazazi hupotelea. Mtoto anaona Sebright, kila unyoya umezungushiwa mstari mweusi mwembamba, naye hataki tena kutazama kuku mwingine. Lakini mstari ule unatakiwa uwe sawa kwenye mwili mzima, na katika kundi zima la vifaranga wanaofaa huwa wachache. Isitoshe Sebright hazaliani kwa urahisi na ugonjwa wa Marek, unaopoozesha kuku, humpata upesi.

Bluu nayo ina hesabu zake. Ukipandisha bluu kwa bluu, takriban nusu ya vifaranga watakuwa bluu, robo weusi, robo weupe waliotapakaa madoa. Ni somo zuri la kurithishana sifa, ila mtoto anayetaka bluu tu atasikitika.

Nyeupe ni rahisi kuzalisha na ngumu kutunza: kinyesi huonekana, na jua huleta umanjano. Mimi huwaanzisha watoto na nyeusi. Mtazameni kuku mweusi juani, mng'ao wake uwe wa kijani. Michirizi ya zambarau ni kasoro. Zaidi ya hapo hakuna mengi ya kukosea, na mtoto anapata nafasi ya kujifunza umbo.

Hatua ya 6: Mkague kuku mwenyewe

Jina la aina halitoshi. Vifaranga wengi wanaouzwa na vituo vya kutotolesha kwa jina la Ameraucana ni machotara wanaotaga mayai ya bluu au kijani, na jaji hawatambui kama aina. Rhode Island Red aliyezalishwa kwa ajili ya mayai huwa mdogo na aliyepauka kuliko wa maonyesho. Nunueni kwa mfugaji anayeshindana.

Mkiwa hapo mtoto ahesabu vidole: vinne kwa aina nyingi, vitano kwa Silkie, Dorking na Faverolles. Atazame kama mdomo umepishana, kama mkia unalalia upande mmoja, kama upanga una kichipukizi cha pembeni, kama kuna kijinyoya kati ya vidole vya kuku asiyetakiwa kuwa nacho. Rangi ya ndewe ilingane na kitabu. Kisha mfunueni manyoya chini ya mkia. Mayai ya chawa hushikamana kwenye mashina ya manyoya. Magamba ya miguu yakiwa yameinuka, kuna utitiri.

Mfugaji akikataa kuku wake akaguliwe hivyo, mwageni kwa heri.

Hatua ya 7: Hesabu miezi kurudi nyuma

Bantamu wengi hukamilika wakiwa na miezi mitano au sita. Kuku wakubwa kama Orpington huhitaji saba, nane, pengine zaidi. Anzeni na tarehe ya maonyesho mrudi nyuma. Tembe, yaani jike mchanga, katika mwaka wake wa kwanza ndiye salama zaidi, kwa kuwa jike mzee anaweza kupukutisha manyoya wiki ile ile mnayomhitaji. Unyoya uliovunjika haujirekebishi mpaka kuku abadilishe manyoya, lakini ukiung'oa mzima, mwingine huota kwa muda wa wiki sita hadi nane.

Nunueni watatu mkiweza, mtoto ateue mmoja wanapokomaa. Wageni watengwe mwezi mzima kabla ya kuchanganywa na kuku wa nyumbani. Anayerudi kutoka kwenye maonyesho naye atengwe angalau wiki mbili. Tundu la kutengea liwe tayari kabla ya safari, maana mkifika usiku mmechoka hakuna atakayeshika nyundo.